Tandiko la Mkwe

Sisi watu wa Bagamoyo mjini hatukuzaliwa kufyeka. Enzi za ujana wangu mtu wa mjini alijua kupanga mizigo, kuwabembeleza wanunuzi wa pembe, na kukaa barazani akiwapima wapita njia kwa macho. Panga alilishika akitaka kuchonga dafu. Nami nilikuwa vivyo hivyo, ila nilikuwa mpagazi juu yake. Nilikwenda bara na kurudi na misafara mpaka bega langu la kushoto likaota sugu ambayo haijaondoka hadi leo, na wajukuu zangu huigusa kwa kidole kimoja, wakishangaa kwamba babu yao ana kipande cha kobe mwilini.

Mke wangu nilimwona sokoni. Aliteremka na mama yake kutoka upande wa Miono, wameleta sandarusi na kunde, na mimi nilipojifanya mjuzi wa kupatana bei, yule binti alicheka mpaka akaziba mdomo kwa upindo wa nguo yake. Nilikasirika, maana mimi ni mwepesi wa hasira, kisha nikarudi kesho yake kuangalia kama yupo. Alikuwapo. Basi nikapeleka posa.

Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mama, na mama alimjibu mshenga wangu kwa maneno machache.

"Binti yangu haolewi na njia."

Maana yake ilikuwa wazi. Nikimtaka, nihamie kwao, nilime, na mzigo wa msafara nisiuguse tena. Siku nitakayourudia, ndoa imekwisha. Nilikubali kabla mshenga hajameza mate. Rafiki zangu walinicheka, wakasema nimeolewa mimi.

Ikabidi nijifunze ukwe. Hata kwetu mjini mkwe huheshimiwa, lakini kule mashambani mambo yalikuwa makali zaidi. Nisisimame mlangoni kwa mama mkwe. Nisile mbele yake. Nisimwangalie usoni, nisikae kitandani pake, nisikanyage mkeka wake. Ukianikwa juani niuzunguke kwa mbali. Na kusema naye moja kwa moja, hilo halikuwapo kabisa. Mke wangu ndiye aliyekuwa daraja letu, na asipokuwapo tulisema kwa kupitia chochote kilichokuwa karibu. Mama mkwe akitaka kuni alimwambia kuku, "Wewe kuku, mwambie mkwe wangu kuni zimekwisha," nami nilimjibu kuku yuleyule kwamba nimesikia. Kuku akikimbia, tulihamia kwenye kinu. Siku za kwanza nilijiona mwendawazimu. Baadaye nikagundua kwamba mtu akilazimika kusema na kinu huwa hapayuki ovyo, na kwa mtu wa ulimi wangu hiyo ilikuwa rehema. Kwa vile nilikuwa mgeni wa desturi, nilizidisha. Mwenyeji hujua wapi pa kulegeza. Mgeni huishika sheria yote kwa mikono miwili.

Shamba tulilopewa lilikuwa la marehemu baba mkwe, limelala tangu afariki. Kulala ni neno la upole. Pori lilikuwa limeingia likafunga mlango. Mikwamba ilikuwa imesongamana na mitopetope, miiba juu, kamba za porini katikati, na upupu ukining'inia kila mahali, ule unaowasha mpaka mtu anavua nguo bila kujali nani anatazama. Nilivua. Mke wangu alinipaka majivu mgongoni huku akitikisika kwa kicheko, nami nikalitukania hilo pori mpaka babu yake aliyelipanda, kama liliwahi kupandwa.

Haraka ilikuwapo. Mwaka uliotangulia mvua zilitutupa mkono, na ghalani mlikuwa na panya waliokonda. Masika yakifika tukiwa hatuna shamba tayari, njaa ingeingia nyumbani, na njaa ikiingia, mwanamume mwenye sugu begani anajua pa kwenda. Sote watatu tulilijua hilo, ingawa hatukulisema. Lile pori likitushinda, njia itanichukua tena, na mke wangu nitampoteza.

Basi nilifyeka. Nilifyeka mpaka viganja vikafanana na bega. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mundu, na mama yake nyuma zaidi akikusanya. Mgude mmoja mchanga ulioota katikati niliuangusha kwa shoka, nikabaki na kisiki cha kukalia nipumue. Pori lote lilipolala chini, nikangoja likauke nilitie moto, maana hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya. Unafyeka, unachoma, mvua inakuta majivu, unapanda.

Siku niliyokwenda na kijinga cha moto, nilimkuta mama mkwe amesimama mbele ya kile kisiki. Alikiambia kisiki taratibu kwamba katika mgunda wa mumewe moto hauingii. Mgunda ni shamba kwa Kikwere. Nilikieleza kisiki, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba bila moto tutapanda wapi. Kisiki kikajibiwa kwamba matawi yakatwekatwe madogo, majani yapukutishwe, vyote vitandikwe juu ya ardhi palepale vilipoanguka, vioze wenyewe.

Nilirudi nyumbani natoa moshi mimi badala ya shamba. Mke wangu ndiye aliyenieleza. Zamani moto wa baba yake ulipata upepo, ukaruka, ukala ghala la jirani na chakula chote cha mwaka, na tangu siku ile mama yake akiona moto nje ya mafiga hutetemeka mikono. Hakuwa na elimu yoyote ya siri juu ya udongo. Aliogopa tu. Nami, nilipoambiwa kwamba mikono yake hutetemeka, nilichukua panga, nikarudi shambani.

Kazi ile ya kukatakata sitaisahau. Kufyeka kuna raha yake. Unapiga, kinaanguka, unaona. Lakini kuchukua kichaka kilichokwisha anguka, ukakaa nacho chini, ukakikata tawi kwa tawi kama mchicha, hiyo ni kazi ya kumfundisha mtu subira kwa nguvu. Majirani walipita wakituchungulia. Wakauliza kwa nini moshi hauonekani kwetu. Walipoambiwa shamba linatandikwa, walicheka sana, kwa sababu kutandika ni kutandika kitanda na kutandika pia ni kuchapa. Wakaanza kupiga kelele kwa mbali, kosa lake nini huyo shamba, mwacheni jamani, ameshapigwa vya kutosha. Mke wangu aliwajibu kwamba bado, ana kiburi. Nilimpenda sana siku zile, na jasho lake na majani nyweleni.

Tulipomaliza, shamba zima lilikuwa limefunikwa, kahawia kutoka ncha hadi ncha, na ukilikanyaga pembeni linabonyea kidogo. Mama mkwe alilitazama kwa muda. Kisha akawatangazia watoto wa jirani waliokuwa na mbuzi zao, kwa sauti ya kufika kijijini, kwamba hilo amelitandika yeye, na mtu asilikanyage.

Nilisikia. Neno likaniingia na kukaa.

Muda mfupi kabla ya mvua, dada yake mke wangu alijifungua huko karibu na Ubena, na mke wangu akaenda kumlea mzazi. Asubuhi ya kuondoka, akijitwika kikapu, alinipa wasia wa nyumba: maji, kuku, paa linalovuja. Halafu akasema, amenipa mgongo, "Na lile tandiko la mama usije ukalikanyaga. Mkwe hakanyagi tandiko la mkwe."

Laiti ningeuona uso wake. Alikuwa anatania. Mimi nilimwona mgongo tu, na mgongo wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli.

Mvua za kwanza zikanyesha. Watu wote wakaingia mashambani na mbegu. Nami kila asubuhi nilichukua kibuyu cha mbegu, nikaenda mpaka ukingoni, nikasimama. Mnaweza kunicheka. Lakini jiwekeni mahali pangu. Tandiko ni la mama mkwe, amelisema mwenyewe, na binti yake amenikumbusha. Tiba ilikuwa kuomba ruhusa, na kuomba ndiko kulikoshindikana. Maana nitasemaje? Nimwambie kuku, "Kamwulize mama mkwe kama naweza kupanda kwenye tandiko lake"? Nililijaribu neno hilo kichwani kwa kila namna, na kila namna lilitoka na aibu. Kupanda mbegu ni kupanda, na kupanda kitandani ni kupanda. Kuku mwenyewe angekimbia. Nikajiambia kwamba yeye ndiye mwenye tandiko, siku akitaka nipande atatuma neno. Nikawa nasimama pale ukingoni mpaka jua likawa kali, narudi na kibuyu changu kimejaa.

Yeye aliniona. Kumbe kila siku aliniona, akanisoma kwa hesabu zake. Mwanamume anayesimama kando ya shamba na mbegu mkononi, asiingie, akitazama upande wa njia ya Bagamoyo, huyo moyo wake umekwisha ondoka.

Katikati ya hayo akaja mwenzangu wa zamani, tuliyebeba naye mizigo. Nilimkaribisha barazani. Akanieleza kwamba msafara unakusanywa mjini, mwenye mali ni mtu mwema, na nafasi yangu ipo nikiitaka. Sikuitaka. Lakini yeye alikuwa mgeni wangu, katoka mbali kwa ajili yangu, na sisi watu wa pwani hatumtupii mgeni "la" usoni. Nikamwambia inshallah. Naye, kwa kuwa ni mtu wa pwani, alielewa mara moja kwamba sendi, akanywa maji, akaongea mengine, akaaga.

Nyuma ya nyumba mama mkwe alikuwa anatwanga. Mchi ulisimama. Yule mama alikuwa ameingia dini ukubwani kwa moyo mmoja, na kwake inshallah ilikuwa ahadi iliyowekwa mbele ya Mungu.

Kesho yake, nilipofungua mlango wangu, nilikuta furushi kizingitini. Ndani mlikuwa na mihogo mikavu, bisi, samaki wa kuokwa, na chumvi iliyofungwa peke yake katika jani. Alikuwa amekwangua ghala. Nilichuchumaa nikalitazama, na nilichokisoma mimi ni kwamba nimefukuzwa. Kwetu, mgeni asiyeaga akifungiwa masurufu, ameambiwa aende. Niliona ni haki yake: mkwe gani huyu, mvua zinanyesha naye kasimama kama mlingoti. Nilikasirika pia, sitaficha. Nikaliweka furushi kwenye bega la kushoto, mahali pake pa zamani, nikashika njia.

Njia ya Bagamoyo ilipita kando ya shamba letu. Nilikusudia kupita bila kugeuka. Lakini mama mkwe alikuwa ndani, peke yake, ameinama na muo mkononi, ule mti wenye ncha wa kutobolea mashimo. Anasukuma majani kwa mguu, anatoboa, anadondosha mbegu, anafunika, anashika goti, anasogea. Alikuwa hajafika mbali. Aliposikia nyayo alijinyosha, akaliona furushi begani, akageuza uso kama ilivyo adabu. Kisha akasogea mpaka kwenye kisiki.

"Kisiki," akasema, "mwambie mkwe wangu safari njema. Binti yangu nitamwambia mwenyewe."

Sauti yake haikuwa na ukali wowote. Afadhali ingekuwa nao. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikasahau kulainisha maneno.

"Kisiki, mwulize mama mkwe nani kamwambia kwamba nasafiri."

"Kisiki, mwambie kasema mwenyewe. Kasema inshallah."

Nikakieleza kisiki habari za inshallah ya pwani, kwamba huko kwetu ni njia ya kumnyima mtu bila kumvunja uso. Nadhani nilieleza vibaya. Akalipima hilo.

"Basi kiulize kinywa chake," akasema, akisahau kidogo nani anamwambia nani, "mbona siku zote hizi haingii mgundani?"

Nikautazama mti wa mbali. Nikasema, kwa sauti ambayo hata kisiki kingelazimika kutega sikio, kwamba tandiko ni lake yeye, alikataza lisikanyagwe, na mimi mtoto wa watu nina adabu, siwezi kuingia tandikoni kwa mama mkwe bila kuambiwa.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikashtuka, nikaliteremsha furushi. Alikuwa anacheka. Alicheka akishika muo kwa mikono miwili asije akaanguka, kicheko kilekile cha binti yake pale sokoni, na machozi yakamtoka, na sijui yalikuwa ya kicheko tupu.

"Kisiki," akasema alipoweza, "mwambie akanyage. Hilo tandiko ni la mahindi."

Nikavua viatu. Kwa nini nilivua sijui. Nikaweka mguu, majani yakabonyea, nikaweka wa pili. Nikamfikia mahali alipokuwa, akaulaza muo chini, akarudi nyuma, nikauokota, kwa sababu kupeana mkono kwa mkono kungekuwa kuzidi. Tukapanda mpaka jua likawa juu, mimi natoboa, yeye anadondosha.

Njaa ilipouma, chakula kilikuwapo kimoja tu, kile cha safari. Alilifungua furushi, akaligawa mara mbili juu ya majani, akakaa upande mmoja wa kisiki akinipa mgongo. Nami nikakaa upande wa pili nikampa wangu. Tukala hivyo, migongo imeelekeana, kisiki katikati. Nilisikia akitafuna bisi. Baada ya muda alikiomba kisiki kiniulize kama chumvi imetosha. Nikakiambia imetosha.

Mvua za mwaka ule nazo hazikuwa za kusifiwa. Zilikuja kwa fujo, zikakatika mapema, na mashamba yaliyochomwa moto yakapasuka nyufa. Letu lilikuwa na taabu zake. Mchwa walikuja kama walioalikwa arusini, panya wakafukua mbegu upande wa bondeni, na nyoka mmoja alimfanya mama mkwe aruke kuliko umri wake. Lakini ukiingiza mkono chini ya yale majani, udongo ulikuwa na ubaridi wa mtungi. Mahindi yalitoka mafupi, kunde zikatambaa, maboga yakashiba. Hatukuuza. Tulikula, na hakuna aliyeondoka nyumbani kutafuta chakula, na hilo ndilo nililokuwa naliomba. Walewale waliotucheka walikuja kuuliza tulivyotandika, na mke wangu akawaambia waanze kwa fimbo.

Yeye aliporudi kutoka Ubena, kabla ya mavuno, na kupewa hadithi nzima, hakucheka. Alikaa chini, akafunika uso. Akasema kumbe mzaha mmoja ungemla mume. Nilimwambia mume huyu ana mifupa mingi, haliki kirahisi. Hapo ndipo alipocheka, akacheka kwa siku kadhaa, na mara kwa mara usiku alitandika mkeka wetu kisha akaniuliza kwa heshima kubwa kama ningependa kuomba ruhusa.

Mama mkwe na mimi tulirudi kwenye desturi yetu. Nyumbani kuku na kinu, shambani kisiki. Nilianza kukipenda kile kisiki kama jamaa. Niliijua sauti yake, nikisema kweli, maana sauti yake ilikuwa ya mama mkwe. Kila mwaka tulifyeka kilichoota, tukakatakata, tukatandika, na mchwa wakaendelea kula kilicho chao.

Mgude ni mti laini. Msimu mmoja, mimba ya mtoto wetu wa kwanza ikiwa kubwa na mke wangu amebaki nyumbani, mama mkwe aliniletea uji shambani. Alikuja mpaka mahali petu, akafungua kinywa, akatazama chini. Palikuwa na unga wa kahawia na shimo. Mchwa walikuwa wamemaliza. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kuku alikuwa nyumbani, kinu kilikuwa nyumbani, na shambani hapakuwa na kitu kilichosimama ila mimi.

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa na rangi ya asali, na mpaka siku ile sikuwa nalijua hilo.

"Mwanangu," akasema, "kisiki kimekwisha."

"Kimekwisha, mama."

"Basi uji wako huu hapa."